Kadi ya grafiksi kwa OptiPlex ya 2012: kwa nini niliishia kwenye Radeon Pro WX 3100

Kompyuta yangu ya kazi ni Dell OptiPlex 7010, ile ya kasha jembamba. Ni mashine ya 2012: prosesa Core i5-3470, ramu nimeongeza mpaka gigabaiti 16, diski nimebadilisha ikawa SSD. Iliingia nchini kama mtumba, kama zilivyo kompyuta nyingi zilizomaliza muda wake maofisini huko nje na kuishia kwenye fremu za Kariakoo. Naendesha Debian, aina mojawapo ya Linux, tangu siku ya kwanza. Kaka yangu ana karakana ya samani Keko. Yeye anakata na kuunga, mimi nachora. Kabati la jikoni, kitanda, meza ya televisheni, vyote naviunda kwanza kwenye Blender, programu ya kuchora vitu vya 3D. Mteja anatumiwa picha kwa WhatsApp, akiridhika anatoa advansi, na hapo ndipo msumeno unawashwa.

Debian 13 ilipotoka Agosti 2025 nikapandisha mfumo. Kwenye Debian 12 nilikuwa na Blender 3.4, na hii mpya ikaja na 4.3. Kuanzia toleo la 4.0, Blender inadai OpenGL 4.3, yaani lugha ya kuiamuru kadi ichore, kwenye Linux na Windows. Grafiksi iliyomo ndani ya i5-3470 ni Intel HD 2500, na draiva yake, yaani programu inayoiendesha, ambayo ni ya mradi huria wa Mesa, inaishia OpenGL 4.2. Imepungua nukta moja tu, lakini kwenye jambo hili hakuna nusu nusu: kinatokea kidirisha cha kusema kadi haitoshi, programu inajifunga. Kwa muda nilitumia Blender 3.6 niliyoipakua kwenye tovuti yao, ila msaada wa toleo hilo nao ulikoma Juni 2025. Ikabidi nitafute kadi, kikomo changu shilingi laki mbili, na mashine ibaki ileile.

Naandika haya kwa undani kwa sababu najua tuko wengi wenye mashine za aina hii, OptiPlex na HP Compaq za miaka ile, zenye Linux na zenye kazi ya kweli juu yake. Ushauri unaopatikana mitaani karibu wote ni wa watu wa gemu wanaotumia Windows, na kwetu sisi ushauri huo unaweza kukupotezea hela yako yote.

Mwuzaji akikuonyesha kadi ataanza na gigabaiti na gemu inazocheza. Mimi naanza na draiva. Kadi inaweza kuwa nzima kabisa, feni inazunguka, picha inatoka, na bado isifae kwa kazi yako kwa sababu kampuni iliyoitengeneza imeacha kuiandikia draiva. Hili linawahusu sana NVIDIA. Draiva yao kamili ni ya kufungwa, na sehemu yake moja lazima ijengwe upya kila kerneli, yaani kiini cha Linux, inapobadilika. Kampuni ikishaacha kuihudumia familia fulani ya kadi, kerneli zinaendelea kubadilika, na siku moja ile sehemu inagoma kujengwa. Unabaki na uamuzi wa kuganda kwenye kerneli ya zamani au kuitoa kadi.

Tazama mpangilio wenyewe. Kadi za kizazi cha Fermi zilihudumiwa na draiva ya tawi la 390, lililofikia mwisho wake 2022. Kadi za kizazi kilichofuata, Kepler, ambako ndiko ziliko GT 710 na GT 730 nyingi, zilihudumiwa na tawi la 470, nalo likafungwa 2024. Mwaka 2025 NVIDIA wakatangaza kwamba tawi la 580 ndilo la mwisho kwa vizazi vya Maxwell na Pascal. Humo zimo GTX 750 Ti, GT 1030 na GTX 1050 Ti, yaani karibu kila kadi ya NVIDIA ambayo mtu mwenye laki mbili anaweza kuipata. Hizi bado zinafanya kazi leo. Ila mlango wao umeshaanza kufungwa, na mimi nanunua kitu ninachotaka kidumu kuliko mashine niliyokiweka.

Ipo draiva huria ya kadi za NVIDIA, inaitwa nouveau, na walioiandika wanastahili heshima kubwa kwa sababu kwa miaka mingi walifanya kazi hiyo bila kampuni kuwapa nyaraka. Tatizo ni kwamba kuanzia kizazi cha pili cha Maxwell, kadi hazikubali kubadilishwa kasi bila fimweya, ile programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi, yenye sahihi ya NVIDIA wenyewe. Matokeo yake Pascal ikiendeshwa na nouveau inabaki kwenye kasi ileile ya kuwashia, bila kupanda. Unakuwa umenunua GTX 1050 Ti na unatumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Ukiyajua haya unaelewa kwa nini Linus Torvalds, akizungumza Finland mwaka 2012, aliwatolea NVIDIA maneno makali vile mbele ya kamera. Mwaka 2022 walibadilika, wakafungua sehemu ya draiva inayokaa ndani ya kerneli kwa kadi za kizazi cha Turing na zilizofuata. Nililifurahia hilo kwa dhati. Turing, hata hivyo, ilikuwa juu ya bajeti yangu, na nitairudia mbele kwa sababu kuna watu inawafaa kuliko hii niliyochukua.

AMD walichagua njia nyingine mapema. Walianza kutoa nyaraka na kusaidia draiva huria mwaka 2007, na draiva yao ya sasa, amdgpu, iliingia ndani ya kerneli ya Linux toleo la 4.2 mwaka 2015. Kwa hiyo kila unapopandisha kerneli, draiva inakuja nayo. Hakuna cha kujenga upya na hakuna tawi la kuangalia limefungwa lini. Upande wa OpenGL na mwenzake mpya, Vulkan, unashughulikiwa na Mesa, ambayo nayo iko kwenye hazina ya Debian. Radeon HD 7750 ya 2012, rika moja na kompyuta yangu, mpaka leo Mesa inaihudumia. Huo kwangu ndio ushahidi unaotosha.

Baada ya draiva linakuja umbo, na hapa OptiPlex jembamba ina masharti yake. Sloti ya PCI Express, ambamo kadi huchomekwa, inaruhusiwa kuipa kadi wati 75, hazizidi. Kadi inayotaka zaidi ya hapo inakuwa na tundu la waya wa pini 6 au 8 ubavuni, na pawa saplai ya mashine yangu, ya wati 240, haina waya huo. Zipo adapta za kugeuza waya wa diski kuwa wa pini 6. Sizipendi na sitazitumia: pawa saplai hiyo inailisha prosesa ya wati 77 pamoja na diski na vingine vyote, na umeme wetu unapanda na kushuka kiasi kwamba sitaki kuibana zaidi. Halafu kuna LUKU. Kompyuta inayowashwa asubuhi mpaka usiku, tofauti ya wati arobaini unaiona kwenye yuniti.

Sharti la pili ni kimo. Kasha jembamba linapokea kadi ya kimo kifupi tu, na sizungumzii bodi peke yake. Kile kibati cha nyuma, kinachofungwa kwenye kasha, nacho kiwe kifupi. Kadi nyingi za mtumba bodi yake ni fupi lakini kibati kilichofungwa ni kirefu, na kile kifupi kilichokuja kwenye boksi kilipotea zamani na boksi lake. Uliza kabla ya kulipa. Mimi pia nilitaka kadi ya unene wa sloti moja, kwa sababu ndani ya kasha hili hewa ni kidogo na sikutaka feni ibanwe na kitu kilicho jirani.

Ukishaweka masharti hayo matatu, orodha inakuwa fupi sana.

GT 730 ndiyo niliyotajiwa kila duka nililoingia. Ni kadi yenye sura nyingi kwa jina moja: kuna ya Fermi yenye kora 96 na kuna ya Kepler yenye kora 384, nyingine kwa DDR3, nyingine kwa GDDR5, na kwenye boksi unaweza usione tofauti. Zote draiva zake zimeshakufa. Kwa Windows ya ofisini sawa, kwa Debian mpya siichukui hata kwa bei ya kutupa.

GT 1030 inavutia kwa wati zake 30, lakini nayo ina ndugu wawili. Ya 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5 inayopitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata ikatoka ya DDR4 inayopitisha chini ya 17, kwa jina lilelile. Mteja anayeangalia jina peke yake hana namna ya kujua amepewa ipi. Huu mchezo unaniudhi sana, kwa sababu anayeumia ni mtu mwenye hela kidogo ambaye hawezi kununua mara mbili.

Radeon za zamani sana, HD 5450 na HD 6450, zimejaa madukani kwa bei ya sahani ya biriani. Zinafaa kuongeza skrini ya pili tu. Hazina Vulkan kabisa, na kwa Blender ni kupoteza muda.

RX 6400 ya 2022 ni ya kimo kifupi na inatumia wati 53, kwa hiyo watu wengi huipendekeza. Lakini imeungwa kwa njia nne tu za PCI Express, iliyotengenezewa kizazi cha 4. Ukiiweka kwenye mashine ya kizazi cha 3 kama yangu, njia inakuwa na nusu ya kasi iliyokusudiwa. Haina pia uwezo wa kusimba video kwa maunzi. Intel Arc ndogo nazo ni nzuri kwenye karatasi, ila zinategemea sana uwezo wa mazabodi unaoitwa Resizable BAR, ambao mashine za 2012 hazina. Zote mbili bei yake ilikuwa juu ya kikomo changu, nikaacha kuziwaza.

RX 550 ilikaribia. Ni ya kizazi cha AMD kiitwacho Polaris, ya 2017, wati 50, draiva amdgpu, haitaki waya wa ziada, na toleo la gigabaiti 4 lipo. Kama ningekuwa na kasha kubwa ningeichukua na makala haya yangeishia hapo. Tatizo ni kwamba RX 550 nilizokutana nazo karibu zote zilikuwa za kimo kirefu, na ile fupi moja niliyoiona ilikuwa na gigabaiti 2.

Gigabaiti 2 kwangu hazitoshi, na ngoja nieleze kwa nini, maana hapa watu wengi hukisia. Mbao zangu sizitoi kwenye intaneti. Napiga picha mninga na mkongo wa kwenye karakana yetu wenyewe, ubao umepigwa msasa na kulowanishwa kidogo ili rangi itoke, halafu nazitumia kama ngozi ya samani kwenye Blender. Mteja wa Keko anaijua mninga. Ukimwonyesha mbao ya bandia anakuuliza hii ni mti gani. Picha moja ya pikseli 4096 kwa 4096, ikishapakiwa kwenye kadi, inakula megabaiti 64, na ukiongeza nakala zake ndogo ambazo kadi inazitengeneza kwa ajili ya vitu vilivyo mbali, inafika kama 85. Kila mbao inataka picha zaidi ya moja: rangi, mng'ao, na ile ya kuonyesha nyuzi zilizoinuka. Jiko lenye mbao mbili, marumaru ya ukutani, granaiti ya juu ya kabati na vioo, umeshamaliza gigabaiti nzima kabla hujachora kivuli. Na kadi hiyohiyo ndiyo inayobeba skrini, kivinjari na kila kilicho wazi. Ndiyo maana niliweka gigabaiti 4 kuwa sharti.

Hapo ndipo nikaacha kuangalia kadi za gemu nikaangalia za ofisi. Kampuni za uhandisi na usanifu majengo hutumia kompyuta zenye kadi ndogo za kitaalamu: kwa NVIDIA zinaitwa Quadro, kwa AMD ziliitwa FirePro halafu Radeon Pro. Ofisi zikibadilisha mashine, kadi hizi zinakuja kwenye mtumba, na kwa kuwa watu wa gemu hawazitafuti, bei yake inakaa chini. Nyingi zimetengenezwa makusudi kwa makasha membamba: kimo kifupi, sloti moja, hazitaki waya. Kwa masharti yangu ilikuwa kama vile zimeshonwa kwa kipimo.

AMD walitoa WX 2100 na WX 3100 mwaka 2017. Ndani yake ni chipu ya Polaris ileile ya RX 550, yenye vichakato 512. WX 2100 ina gigabaiti 2 na njia ya kumbukumbu ya biti 64, inapitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. WX 3100 ina gigabaiti 4, biti 128, gigabaiti 96 kwa sekunde. Kwa macho zinafanana sana, kwa hiyo soma stika nyuma ya bodi. Niliyoitaka ni 3100, na niliipata Kariakoo kwa kaka mmoja anayefungua mashine za ofisi na kuuza vipande. Yeye mwenyewe alinionya: "Dada, hiyo haichezi gemu, utanirudishia." Nikamwambia sichezi gemu, naomba tu aniruhusu niijaribu kwenye mashine yake kabla sijalipa. Akakubali, na hilo peke yake lilinifanya nimwamini.

Nakwenda dukani na flashi yenye Debian kamili, siyo ile ya majaribio tu. Nimeshaweka humo fimweya zote, na programu ndogo za kukagua kadi: glxinfo, glmark2, vainfo na sensors. Mashine ikiwaka kwenye flashi, amri ya kwanza ni lspci -nnk. Kwenye mstari wa kadi, namba inayoanza na 1002 ni AMD, 10de ni NVIDIA, na chini yake unaona draiva iliyoshika. Ikiandika amdgpu, hatua ya kwanza imepita. Kisha glxinfo -B inanipa jina la kadi, kiasi cha kumbukumbu na toleo la OpenGL. Ile ilisoma 4.6, na kumbukumbu gigabaiti 4 kamili.

Kwa anayenunua NVIDIA, flashi hii ina faida moja zaidi. Sokoni kuna kadi za kughushi: chipu ya zamani kama ya GTS 450 imeandikwa upya fimweya ijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Kwenye Windows inaweza kujionyesha hivyo bila aibu. Nouveau inapowaka, yenyewe husoma aina ya chipu moja kwa moja kwenye maunzi na kuiandika kwenye dmesg, yaani ujumbe wa kerneli. 1050 Ti ya kweli itaandikwa GP107. Ukiona GF106 au GF116, hiyo ni Fermi iliyovalishwa jina la watu, mrudishie mwenyewe na uondoke.

Baada ya utambulisho nikaendesha glmark2 kwa kurudia huku sensors iko wazi kwenye dirisha la pembeni. Naangalia mstari ulioandikwa edge, ndio joto la chipu. Nataka lipande, lifike mahali lisimame. Likiendelea kupanda bila kusimama, ama feni imechoka ama grisi ya kupozea imekauka. Ya kwangu ilisimama kwenye sabini na kitu, feni ikilia kwa sauti nyembamba lakini bila kukwaruza. Nikamaliza kwa dmesg, kutafuta maneno ring gfx timeout. Yakiwepo, chipu inakwama chini ya mzigo, na hakuna bei inayofaa kwa kadi ya namna hiyo. Hayakuwepo. Tukaelewana bei, ikabaki chenji ya kununua waya wa DisplayPort kwenda HDMI.

Kuhusu matundu: WX 3100 ina DisplayPort moja ya kawaida na mbili ndogo. Skrini yangu ina HDMI na VGA. Kwa HDMI waya wa kawaida wa kugeuza unatosha. Kwa VGA unahitaji adapta yenye chipu ndani yake, usidanganywe na waya mtupu.

Kibati kilikuwa kirefu, kama nilivyoogopa. Kaka yangu hakutaka nihangaike kutafuta kingine. Alichukua kile kibati kitupu kilichokuwa kimeziba sloti kwenye kasha langu, akaweka kadi juu yake, akachora kwa penseli nafasi za yale matundu matatu, halafu jirani yetu wa kazi za bati akazitoboa na kuzisawazisha kwa tupa. Akakunja masikio mawili ya bati jembamba, moja juu, moja chini, ya kupokea skrubu za kadi. Kibati kikakaa. Kazi hiyo usiidharau ukaiacha kadi inaning'inia bila kibati, maana kila ukichomeka waya wa skrini unaisukuma kadi kwenye sloti yake, na sloti ikilegea hasara yake ni mazabodi.

Kabla ya kuifunga kadi kuna jambo moja la Debian la kulifanya, na lifanywe wakati bado unatumia grafiksi ya Intel. Kisakinishi cha Debian huweka fimweya za vifaa kinavyovikuta siku ya kusakinisha. Mashine yangu siku hiyo haikuwa na AMD, kwa hiyo fimweya yake haikuwemo. Bila hiyo, amdgpu itaiona kadi lakini haitaiamsha, na unaweza kubaki na skrini nyeusi ukidhani umeuziwa kadi mbovu. Hakikisha kwenye vyanzo vya apt, programu ya Debian ya kusakinisha, kuna sehemu ya non-free-firmware. Debian ilianza kuitenga hivyo kwenye toleo la 12, na aliyepandisha kutoka 11 mara nyingi anayo non-free peke yake. Kisha sakinisha firmware-amd-graphics, zima mashine, weka kadi, hamishia waya wa skrini kwenye kadi. Kwangu hakukuwa na kingine cha kufanya. Sikupakua draiva kutoka popote, na sikugusa faili la mipangilio hata moja.

Blender 4.3 ikafunguka. Nikapakia jiko nililokuwa nimelichora kwenye 3.6, la mteja wa Tabata. Mara ya kwanza Eevee, ile njia ya Blender inayoonyesha picha papo hapo, ilichukua muda kuandaa ngozi za vitu, ukisubiri unadhani imeganda, baada ya hapo ikawa nyepesi. Kuzungusha jiko zima huku mbao, vioo na taa za chini ya kabati vinaonekana, bila picha kurukaruka, ni kitu ambacho kwenye HD 2500 sikuwahi kukipata. Sasa mteja anaweza kukaa pembeni yangu, akasema mlango huu ufungukie kushoto, nikaugeuza akiuona.

Kisichowezekana nacho nikiseme wazi. Cycles, ile njia ya Blender inayotoa picha yenye mwanga wa kweli zaidi, haitumii kadi hii. Blender iliondoa OpenCL, njia ya kuitumia kadi kwa mahesabu, kwenye toleo la 3.0 mwaka 2021, na HIP iliyochukua nafasi yake kwa AMD haishuki mpaka Polaris. Kwa hiyo picha za Cycles zinapikwa na prosesa usiku kucha, kama zamani. Picha za wateja wangu nyingi zinatoka Eevee na hakuna aliyelalamika, lakini kama kazi yako inategemea Cycles, usiifuate kadi yangu.

Kwa video, vainfo inaonyesha miundo ya video ya H.264 na HEVC, kusoma na kusimba, na Kdenlive, programu ya kuhariri video, inaitumia vizuri ninapotoa vipande vya kuweka mtandaoni. Muundo wa VP9 haumo, na YouTube inapenda kuleta VP9. Nimeweka kiongezi cha h264ify kwenye Firefox kinacholazimisha H.264, na sasa prosesa inapumua hata nikifungua somo la ushonaji wa makochi pembeni ya kazi.

Kwa mwenye OptiPlex ya kasha kubwa, yenye pawa saplai ya wati 275, uwanja wako ni mpana zaidi: RX 550 ya gigabaiti 4 ya kimo kirefu inaingia bila shida, na RX 560 pia ukipata isiyo na tundu la pini 6, maana zipo za aina zote mbili. WX 4100 ikipita mbele yako kwa bei nzuri ichukue, ina vichakato 1024 na bado ni ya kimo kifupi. Na kwa anayetaka Cycles kwenye kasha jembamba, weka akiba ya kununua NVIDIA T600. Ni Turing, gigabaiti 4, wati 40, sloti moja, na iko upande ule wa draiva ambao NVIDIA wameshaufungua. Madukani watakutajia Quadro P620 kama mbadala wa bei nafuu. Hiyo ni Pascal, ina gigabaiti 2, na safari yake inaishia kwenye tawi la 580.